Kibali cha kuruka usiku na mawinguni kwa ndege ya injini moja: cha kuandaa kabla hujaandika barua kwa TCAA

Ukisimama uwanja wa Arusha pale Kisongo asubuhi, utaona ndege nyingi zinazopakia watalii wa Serengeti ni za injini moja: Cessna Caravan na Pilatus PC-12. Mchana, anga ikiwa wazi, zinaruka kwa kuona na hakuna barua ya ziada inayohitajika. Kazi inabadilika wingu linapong'ang'ania juu ya nyanda za Ngorongoro hadi saa nne asubuhi, au mgonjwa anapotakiwa kutolewa porini baada ya magharibi. Kampuni ikitaka kubeba abiria wa malipo kwa injini moja ndani ya wingu au gizani, ni lazima iwe na kibali cha maandishi cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kilichoandikwa kwenye karatasi ya masharti ya uendeshaji inayoambatana na cheti chake cha uendeshaji wa ndege za biashara, AOC. Makubaliano ya mdomo na mkaguzi hayahesabiki, na barua pepe ya "tumepokea maombi yenu" si ruhusa.

Tunaandika kwa ajili ya marubani wakuu, wahandisi na maofisa wa uendeshaji wa kampuni ndogo za Arusha na Moshi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kibali hiki hapewi rubani peke yake, wala haipewi ndege peke yake. Kinatolewa kwa mchanganyiko: ndege hii yenye usajili huu, ikiwa na vifaa hivi, ikitunzwa hivi, ikirushwa na marubani waliofunzwa hivi, kwenye njia hizi. Kinachokwamisha maombi mara nyingi si ubovu wa ndege. Ni karatasi zinazopingana: mwongozo unasema hivi, orodha ya vifaa inasema vile, na ndege yenyewe ina kitu cha tatu.

Masharti ya msingi yamo kwenye Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, Sehemu ya I, kifungu cha 5.4, na orodha kamili iko kwenye Nyongeza ya 3. Isome yenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu, pamoja na huu wetu. Inadai kwamba usalama ubebwe na mambo matatu kwa pamoja: injini inayoaminika, taratibu za kampuni za matengenezo, upangaji safari na mafunzo, kisha vifaa. Kipimo cha injini ni kupoteza nguvu chini ya mara 1 kwa saa 100,000 za injini. Takwimu hiyo ni ya aina ya injini duniani, na mtengenezaji ndiye mwenye kuitoa. Mwombe barua rasmi mapema. Wewe unachotakiwa kuonyesha ni kwamba injini yako inatunzwa kwa namna inayoiweka ndani ya takwimu hiyo.

Anza na umeme

Vifaa vingi kwenye orodha ni vya kutazama na kuweka tiki: rada ya hali ya hewa, altimita ya redio (inayopima urefu halisi kutoka ardhini), viashiria viwili vya mkao wa ndege vinavyopata umeme kutoka vyanzo tofauti, onyo la moto wa injini, taa ya kutua isiyotegemea magurudumu na inayoangaza vya kutosha eneo la kugusa ardhi, mikanda ya bega kwa kila kiti cha abiria. Mikanda inasahaulika mno. Ndege iliyonunuliwa ikiwa na viti vya zamani vya mkanda wa kiuno tu haifai hata kama dashibodi yake ni mpya kabisa, na kubadilisha viti ni kazi ya miezi, si ya wiki, kwa sababu viti na mishikizo yake lazima viwe vya kiwango kilichojaribiwa kwa mshtuko.

Kwa PC-12 na nyingine zenye mgandamizo wa hewa, ongeza oksijeni ya akiba kwa wote waliomo. Iwatoshe muda wote ambao ndege itakuwa ikiteremka bila injini kwa mwendo wa kwenda mbali zaidi, kutoka mwinuko wa juu iliyoidhinishiwa hadi pale ambapo oksijeni haihitajiki tena. Kuteremka huko ni kwa polepole, na mtungi uliotosha kwa mteremko wa haraka wa dharura hautoshi hapa.

Umeme ndio unaohitaji hesabu. Sharti linataka mifumo miwili tofauti ya kuzalisha umeme, na kila mmoja peke yake uweze kubeba mizigo yote inayotarajiwa kuwa inawaka kwa pamoja. Caravan ya kawaida ina starta-jenereta ya ampea 200 na alteneta ya akiba ya ampea 75. Alteneta hiyo ipo, sawa, lakini je, inabeba kila kitu? Orodhesha kifaa kimoja kimoja: redio, GPS, transponda, rada, joto la bomba la pitot (linalopima mwendo wa ndege), taa, feni, skrini. Andika ampea za kila kimoja kutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, kisha pima kwa klampumita, kile kipimo cha ampea kinachobana waya, ndege ikiwa imewashwa. Namba mbili hizo zisipolingana, tafuta sababu kabla mkaguzi hajaitafuta. Ndege ambayo miaka kadhaa iliyopita iliongezwa skrini, chaja za simu kwenye viti na redio ya pili huwa inaendeshwa na hesabu ya umeme ya siku ilipotoka kiwandani. Hesabu hiyo imekufa. Ifanye upya, isainiwe na mhandisi mwenye leseni ya fani hiyo.

Baada ya hapo kuna betri. Jenereta zote zikipotea, umeme wa dharura lazima utoshe kuendesha vyombo muhimu, redio na urambazaji tangu mwinuko wa juu unaoruhusiwa hadi ndege isimame chini, ushushe flapu na magurudumu kama yanakunjwa, upashe joto bomba moja la pitot, uendeshe altimita ya redio, uwashe taa ya kutua, na ubakize nguvu ya kujaribu kuwasha injini tena walau mara moja. Chukua mfano: mteremko wa dakika 30 kwa mzigo wa ampea 35 unakula ampea-saa 17.5. Betri iliyoandikwa 40 lakini ikipimwa inatoa asilimia 80 ina 32 tu. Zinabaki 14.5 za kuwasha injini. Je, zinatosha kwa starta yako? Jibu liwe kwenye karatasi, na lijengwe juu ya uwezo uliopimwa, kamwe si juu ya namba iliyobandikwa kwenye boksi la betri. Programu ya matengenezo nayo itaje kila baada ya muda gani betri inapimwa uwezo, na inaondolewa ikishuka chini ya kiwango gani. Hesabu nzuri isiyo na mstari huo kwenye programu ya matengenezo inaisha nguvu pamoja na betri yenyewe.

Kwenye injini, hakikisha mambo matatu. La kwanza ni mfumo wa kuwasha cheche unaojiwasha wenyewe, au unaowashwa na rubani wakati wa kuruka, kutua na kwenye unyevu unaoonekana. La pili ni kinasa vipande vya chuma kwenye mafuta kinachoangalia injini, gia boksi ya vifaa na gia boksi ya propela, chenye taa ya tahadhari kwa rubani. Kinasa kinachochunguliwa na fundi peke yake wakati wa ukaguzi hakitoshi. La tatu ni njia ya dharura ya kuongoza nguvu kidhibiti cha mafuta kikiharibika. Kwenye Caravan ni ile lever ya dharura. Mkaguzi atamuuliza rubani aieleze hatua kwa hatua, na rubani anayeisukuma haraka injini ikiwa nzima anaweza kuipasha kupita kiasi, kwa hiyo mafunzo yake yaandikwe kwa uangalifu.

Kufuatilia mwenendo wa injini

Ndege yoyote ya injini moja ya tabaini itakayoruka usiku au mawinguni lazima mwenendo wa injini yake ufuatiliwe, na iliyopata cheti cha kwanza cha ubora wa kuruka kuanzia 1 Januari 2005 inatakiwa iwe na mfumo wa kunasa data wenyewe. Kwa za zamani, rubani anaandika kwa mkono, na hapo ndipo data inapoharibika. Ndege itulie kwenye mwinuko na nguvu ileile kwa dakika kadhaa kabla ya kusoma. Kitenganishi cha vumbi na hewa ya kabini viwe mahali palepale kila siku. Soma kwa mpigo mmoja: toki (nguvu ya kuzungusha propela), Ng (kasi ya mzunguko wa kompresa), ITT (joto la gesi kati ya tabaini), mtiririko wa mafuta, joto la nje, mwinuko, mwendo. Rubani akinakili namba za jana kwa sababu "hazibadiliki", ni heri asingeandika.

Kisha lazima mtu azisome. ITT, Ng na mafuta vikipanda kwa pamoja, kwa kawaida kompresa imechafuka au imelika, na hapa kwetu vumbi la viwanja vya changarawe vya porini linafanya kazi hiyo bila kupumzika. Osha kompresa, angalia kama namba zinarudi. ITT na mafuta vikipanda huku Ng ikishuka, elekeza macho kwenye sehemu ya moto: vipuliza mafuta, pete ya nozeli, bapa za tabaini. Namba moja ikiruka peke yake huku nyingine zimetulia, shuku kipimo kwanza kabla ya kushuku injini. Kwenye maombi eleza nani anasoma grafu, kila baada ya muda gani, na akiona badiliko la kiasi gani ndege inasimamishwa. "Mhandisi atafuatilia" haitoshi. Mkaguzi anataka kuona grafu za miezi iliyopita, zenye saini na hatua zilizochukuliwa.

Njia: hapa ndipo kazi halisi ilipo

Sharti linasema kampuni itambue viwanja au maeneo salama ya kutua kwa dharura kwenye njia nzima, na iyaingize kwenye mfumo wa urambazaji ili rubani apate papo hapo mwelekeo na umbali. Eneo salama ni lile ambalo unaweza kutarajia kwa haki kwamba hakuna atakayeumia vibaya, ndani ya ndege wala ardhini.

Chukua njia ya Kisongo kwenda Seronera kupita Manyara na nyanda za kreta. Soma kwenye kitabu cha ndege yako inateleza umbali gani bila injini. Tuseme grafu inakupa maili 2 za baharini kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 13,000 kutoka usawa wa bahari, na ardhi chini yako ina futi 9,000, una futi 4,000 tu, yaani maili 8 bila upepo wa mbele na bila kugeuka. Wengi wanahesabu kutoka usawa wa bahari na kujipa maili 26 ambazo hazipo. Chora miduara ya kuteleza juu ya ramani kwa kila eneo la kutua, ukitumia mwinuko wa eneo lenyewe, ondoa upepo, ondoa futi za kugeuka, ondoa futi za kupanga mkao wa kutua. Palipo na pengo kati ya miduara, una mambo mawili ya kuchagua: kupanda juu zaidi au kubadilisha njia.

Kupanda kuna bei yake. Caravan haina mgandamizo wa hewa. Kati ya futi 10,000 na 13,000, ukizidi dakika 30, marubani na wahudumu wote pamoja na asilimia 10 ya abiria wanatakiwa wawe na oksijeni kwa muda unaozidi hapo. Juu ya futi 13,000 kila aliyemo anaihitaji muda wote. Kwa hiyo mpango wa kuziba pengo kwa kuruka futi 15,000 unakuletea mitungi, barakoa, uzito, na maelezo kwa abiria. Mara nyingi kuzunguka kwa kufuata bonde na kupoteza dakika chache ni nafuu na ni salama zaidi. Na ukiwa mawinguni karibu na Mlima Meru wenye mita 4,566, au kilele cha Lolmalasin kwenye nyanda za kreta chenye zaidi ya mita 3,600, mwinuko wa chini wa kuruka kwa vyombo utakuwa umekuamulia mengi kabla hujaanza kuchora.

Angalia misimu. Uwanda wa mbuga uliokauka na kuwa mgumu mwezi wa nane ni tope la kunata mwezi wa nne, na ndege ikigusa hapo pua inazama. Maeneo ya Ndutu kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tatu hujaa nyumbu wanaozaa. Eneo moja linaweza kuwa salama kwa nusu mwaka tu, kwa hiyo uchambuzi wako uwe na safu ya msimu. Usiku mambo yanabana zaidi: uwanja wa porini usio na taa, ambao twiga na nyumbu wanaulalia, usiuandike kama mahali pa kutua usiku kwa kuwa tu upo kwenye ramani. Kwa safari nyingi za usiku za kanda hii, uwanja wa Kilimanjaro, KIA, unabaki kuwa nguzo ya mpango, na njia yenyewe hupangwa kuuzunguka.

Sasa suala la viwianishi, ambalo tunaliona dogo hadi siku linapoua. Orodha ikiandikwa dakika 27 na sekunde 50, mtu akaingiza 27.50 kwenye GPS inayotaka desimali, amekosea kwa sehemu ya tatu ya dakika, karibu mita 600. Kwa ndege isiyo na injini ndani ya giza, mita 600 ni kutua msituni. Chagua muundo mmoja kwa kampuni nzima. Viwianishi vilivyosomwa kwenye ramani za zamani za Tanzania zilizotumia datamu (msingi wa vipimo vya ramani) ya Arc 1960 vinahama kwa mamia ya mita ukiviweka moja kwa moja kwenye GPS ya WGS-84. Mtu mmoja aingize, mwingine asome kutoka kwenye kifaa na kulinganisha na orodha, wote wasaini, na zoezi lirudiwe kila hifadhidata inaposasishwa, kwa sababu masasisho mengine hufuta pointi za mtumiaji.

MEL

Orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuharibika, ambayo kila mtu anaiita MEL, lazima itofautishe waziwazi vinavyotakiwa kwa usiku na mawinguni na vinavyotakiwa kwa mchana wa kuona. Altimita ya redio ikifa, ndege inaweza kuendelea kwenda Serengeti mchana, lakini kibali cha usiku na mawinguni kinasimama papo hapo kwa ndege hiyo. Kunakili MEL mama ya mtengenezaji neno kwa neno ni kosa, kwani yeye hajui wewe una kibali gani. Wakumbushe marubani muda wa kurekebisha: kundi B siku 3, kundi C siku 10, kundi D siku 120, na siku kasoro ilipoandikwa haihesabiwi. Siku 10 za rada mbovu ni siku 10 bila mawingu na bila usiku, hata kama mgonjwa anasubiri. Hilo linatakiwa lionekane kwa rangi kwenye ubao wa ndege mezani kwa ofisa wa safari, kabla hajapokea simu ya mteja.

Kama unakusudia rubani mmoja peke yake usiku au kwa vyombo, hayo ni masharti mengine juu ya haya: viti vya abiria visizidi 9, uzito wa juu wa kuruka usizidi kilo 5,700, otopailoti inayoshika mwinuko na mwelekeo, hedseti yenye maikrofoni ya mdomoni, na namna ya kusoma chati kwenye mwanga wowote. Ushauri wetu kwa milima hii ni marubani wawili, hata pale sheria inaporuhusu mmoja.

Bahasha ya maombi

Utaratibu unafuata hatua tano za kawaida: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, mapitio ya nyaraka, maonyesho na ukaguzi, kisha kuandikwa kwa kibali. Usiruke ya kwanza. Nenda na ndege unayoitaja, njia unazotaka na ratiba yako, ili mkaguzi akueleze anachokitarajia kabla hujachapisha kurasa mia tatu.

Karatasi inayobeba bahasha yote ni jedwali la uzingatiaji. Safu ya kwanza sharti lenyewe, ya pili maelezo mafupi ya unavyolitimiza, ya tatu kitabu, sura na ukurasa halisi. Mkaguzi atafungua ukurasa huo. Asipokuta kilichoahidiwa, ataanza kufungua kila ukurasa. Nyuma ya jedwali ziwepo sehemu za mwongozo wa uendeshaji zilizobadilishwa: A kwa sera, B kwa taratibu za ndege, C kwa njia, D kwa mafunzo, pia MEL, programu ya matengenezo, uchambuzi wa umeme, uchambuzi wa njia, na nyongeza ya kitabu cha ndege inayothibitisha kuwa ndege imeidhinishwa kwa kazi hiyo.

Miongozo iliyonakiliwa kutoka kampuni nyingine inajulikana mara moja. Inataja usajili usio wako, kiwanja usichokwenda, au rada ya aina ambayo huna. Linganisha namba za toleo: mwongozo ukitaja kitabu cha ndege toleo la 8 na kilichomo ndegeni ni la 10, maombi yanarudi. Mafunzo nayo yataje injini kufa usiku na mawinguni hadi kutua kwa dharura, na wapi yatafanyika. Sehemu kubwa ya zoezi hilo haifai kufanywa kwenye ndege halisi; tenga bajeti ya simuleta, ambayo kwa ndege hizi utaifuata nje ya nchi.

Kibali kikitoka, kisome siku hiyohiyo. Angalia usajili, namba ya mfululizo ya ndege, aina ya operesheni na mipaka iliyowekwa. Kosa la herufi moja kwenye usajili likigunduliwa na mkaguzi kwenye maegesho ya ndege, safari inaishia hapo. Nakala ya masharti ya uendeshaji ya aina hiyo ya ndege iwemo ndani ya ndege, pamoja na nakala iliyothibitishwa ya AOC. Hitilafu kubwa ya injini au kifaa cha orodha hii ripotiwe TCAA, ambao nao huijulisha nchi iliyobuni ndege.

Ukiongeza ndege ya pili, hata ikiwa ya mwaka uleule na kiwanda kilekile, haiingii kwenye kibali hadi iombewe kwa jina lake. Ukikodi Caravan yenye usajili wa 5Y, yaani wa Kenya, kuziba pengo la msimu wa watalii, ulizia kwanza nchi ipi inawajibika kwa nini, Kenya kama nchi ya usajili au Tanzania kama nchi ya mwendeshaji, na upate jibu hilo kwa maandishi kabla ndege haijavuka Namanga. Mpaka hapo irushe mchana, kwa kuona tu.